Tachipadi imekaza, na dukani nikaambiwa nipewe maelekezo ya kubofya

Kompyuta hii mpakato niliinunua mpya, kwa fedha zangu mwenyewe, ikiwa na waranti ambayo hata sasa haijaisha. Kasi yake na ukubwa wa kioo chake vimeandikwa kwenye boksi, kwa hiyo sitajisumbua navyo. Ninachotaka kueleza ni kitufe cha tachipadi, kile kibao cha kugusa kinachotumika badala ya kipanya, kilichokaza taratibu hadi ikafika mahali nikawa ninakandamiza kwa kidole gumba huku mkono wa pili umeshika mashine isinikimbie.

Tachipadi za aina hii zimeshikiliwa upande wa juu, karibu na kibodi, na swichi ya kubofya iko upande wa chini, ndiyo maana kubofya juu huwa kugumu kuliko chini. Yangu ilikuwa ngumu kotekote, na ukiitazama kwa ubavu, ukingo wake ulikuwa umeinuka kiasi cha ukucha kunasa. Niliwasha mpangilio wa kugusa badala ya kubofya, ukanisaidia kufungua mafaili, lakini kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, na kuburuta safu za jedwali kwa kugusagusa ni adhabu: kidole kikiteleza kidogo tu, malipo ya Machi yanaangukia Aprili.

Nikaipeleka kwa walioniuzia. Kijana wa kaunta hakuigeuza wala hakuiweka mezani. Aliibofya mara moja kwa nguvu zake zote, akanirudishia. “Mama, hii siyo simu, inataka nguvu kidogo.” Nilipomwonyesha ule ukingo, akasema huenda ninailalia mikono. Nikaomba aitwe fundi. Nikajibiwa kwamba fundi yuko kwenye kikao, ingawa nyuma ya kioo nilimwona mtu mwenye sare ileile anakula chipsi. Kilichonichoma zaidi ni fomu niliyotakiwa kusaini: “Kifaa ni kizima. Mteja apewe maelekezo ya matumizi.” Mimi, ninayeishi kwa kompyuta tangu kijana yule akiwa chekechea, nipewe maelekezo ya kubofya! Sikusaini.

Fundi wa Kariakoo niliyeelekezwa na jirani hakubofya chochote. Aliniamkia, akanivutia stuli, akailaza mashine juu ya kioo cha meza yake na kuigusa pembeni kwa kidole, nayo ikayumba. “Betri imevimba hii, mama,” akasema kabla hata ya kushika bisibisi. Alipofungua kifuniko cha chini, betri ilikuwa imetuna kama andazi, imeisukuma tachipadi kwa juu hadi kitufe hakina nafasi ya kushuka. Alinieleza kwamba betri za lithiamu zikichakaa au zikipata joto mno hutengeneza gesi ndani ya pakiti lililofungwa, na kwamba likitoboka linaweza kulipuka moto. Alipoitoa tu, kabla ya kuweka nyingine, tachipadi ilirudi mahali pake, akaibofya kwa kidole cha mwisho, ikaitika.

Sasa hesabu mwenyewe: mtu anayelipwa mshahara kukagua vifaa alinishauri niongeze nguvu, maana yake niendelee kuikandamiza betri iliyojaa gesi, nikiwa nimeipakata mapajani.

Kwa haki, mashine yenyewe si mbaya. Kibodi ni laini, haipigi kelele, na tangu iwekwe betri mpya ninafanya kazi hadi usiku bila kunung’unika. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuipa nyota tatu, pengine nne, kwa kuwa betri kuvimba kunaweza kuikuta kampuni yoyote. Lakini waranti ni sehemu ya nilichonunua, na waranti hiyo imekaa kaunta inaandikia wateja fomu za dharau. Juzi wamenitumia ujumbe wakiniomba niwape alama kwa “huduma bora” niliyopata, ilhali gharama ya betri nimeilipa mwenyewe na hakuna aliyeniuliza. Naishusha hadi nyota moja, na hiyo ni ya kibodi.

Kama tachipadi yako imekaza, usimwage mafuta ya kulainisha na usiikomoe. Ilaze kwanza mezani uone kama inayumba, na ikiyumba uizime, uitoe kwenye chaji, kisha uipeleke kwa mtu atakayekubali kuifungua. Mimi risiti ya Kariakoo nimempelekea meneja wa duka walioniuzia. Akinirudishia fedha ya betri nitaongeza nyota ya pili, si zaidi.