Vikao vya FDA kuhusu dawa mpya, nivionavyo nikiwa Mombasa

Nimezoea kufuatilia kwenye intaneti vikao vya hadhara ambavyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, huviitisha ili wataalamu wa nje waijadili dawa kabla haijaidhinishwa; na kwa kuwa saa tatu asubuhi ya huko, wakati wa kiangazi chao, ni saa kumi jioni ya hapa Mombasa, huvitazama katika duka langu la dawa baada ya swala ya Alasiri, wateja wakiwa wamepungua.

Huduma ni ya bure, na nyaraka hutolewa angalau siku mbili za kazi kabla ya kikao. Kinachonivutia zaidi ni ile saa moja au zaidi inayotengewa wananchi, ambapo mgonjwa hueleza yaliyomsibu, lakini kwanza huombwa aseme iwapo nauli yake imelipwa na kampuni yenye dawa. Laiti swali hilo lingeulizwa pia katika semina tunazoalikwa kwenye hoteli za ufuoni!

Kuhusu muda sina sifa nyingi. Ombi la kawaida la dawa yenye kiambata kipya, yaani kemikali tendaji ambayo haijawahi kuidhinishwa, hulengwa kuamuliwa kwa miezi 10, na la kipaumbele kwa miezi 6, ila hesabu huanza baada ya siku 60 za kukagua faili, kwa hivyo miezi 10 huwa 12. Tarehe yenyewe hutangazwa na kampuni, si mamlaka.

Novemba 2020 jopo la wataalamu hao lilijadili aducanumab, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, ambao huleta usahaulifu, na katika swali kuu, kama kuna ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, hakuna hata mmoja aliyepiga kura ya ndiyo. Uamuzi ulisogezwa mbele miezi 3, dawa ikaidhinishwa Juni 2021, na wajumbe 3 wa jopo wakajiuzulu.

Punde baada ya hapo akaja dukani mama mmoja wa Mji wa Kale. “Daktari, hiyo dawa ya usahaulifu utaniagizia lini, mwanangu? Mzee wangu hanitambui tena.” Nilimweleza kwamba haiuzwi hapa kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kisha nikamsomea zile kura.

“Sasa kama mabingwa walikataa, nani aliyekubali?”

Jibu lipo: mamlaka ilipitia njia ya uidhinishaji wa haraka, kwa kuwa dawa ilipunguza amiloidi, protini inayorundikana ubongoni mwa wagonjwa hao, lakini kuhusu njia hiyo jopo halikuwa limeulizwa. Kwa hilo naipa huduma hii nyota nne, si tano.