Kopo namba 1 kwa kichanga anayelialia: tathmini kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Bidhaa yenyewe ni nzuri. Tuanzie hapo, kwa sababu wapo akina mama wanaolitoa kopo hili famasi wakiwa wamelifunika kwa khanga kama watu waliofanya kosa. Maziwa ya kopo namba 1, yale ya tangu kuzaliwa hadi miezi 6, yameokoa vichanga ambao mama zao maziwa yalichelewa kushuka, au waliozaliwa wadogo na hawana nguvu ya kuvuta. Hakuna aibu ndani yake. Shida ni kwamba mara nyingi linanunuliwa kutibu njaa ambayo haipo.

Kilio peke yake si kipimo cha njaa. Kipimo ni kinachotoka kwenye nepi na kinachosomeka kwenye mizani. Kuanzia siku ya 5, kichanga anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo wake haujakolea rangi, na choo kilichoanza cheusi kama lami kimeshageuka njano. Uzito kupungua siku za mwanzo ni kawaida, na unatakiwa uwe umerudi ulipoanzia ifikapo siku ya 14. Ukipungua kwa asilimia 10, yaani mtoto wa kilo 3 amebaki na kilo 2.7, usiende dukani kwanza. Nenda hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au kituo cha afya kilicho karibu, mtoto apimwe na unyonyeshaji utazamwe. Baada ya hapo tarajia aongeze kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mtoto anayetimiza hayo yote halafu akalia tangu magharibi hadi usiku, akitaka titi kila nusu saa, hahitaji kopo. Jioni vichanga wengi ndivyo walivyo. Kilio hupanda, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua.

Tazama kwanza anavyoshika titi, na utazame kwa karibu. Mdomo uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa kuzunguka chuchu unaoonekana juu ya mdomo uwe mwingi kuliko wa chini. Halafu hesabu mafunda. Mtoto anayepata maziwa huvuta mara moja au mbili, kidevu kikashuka na kusita kidogo, ukasikia akimeza. Anayetafunatafuna haraka bila kumeza, mashavu yakibonyea ndani, hapati kitu hata akikaa titini saa nzima, na chuchu hutoka imebanwa upande mmoja. Huyo atalia kwa haki. Ila dawa yake ya kwanza ni kumtoa kwa kidole pembeni mwa mdomo na kumweka upya. Na katika joto la Mtwara la Novemba hadi Machi, mfungue zile khanga tatu kabla hujaamua kuwa ana njaa.

Ikiwa muuguzi amethibitisha kuwa nyongeza inahitajika, linunuliwe kopo gani? Jibu letu litawapunguzia wengi gharama: la bei nafuu linatosha. NAN, Lactogen, S-26 na mengine yaliyoandikwa namba 1 yanatakiwa kufuata kiwango kimoja cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), kinachotaka mililita 100 za maziwa yaliyokorogwa ziwe na kilokalori 60 hadi 70, pamoja na kiasi maalumu cha protini, mafuta, vitamini na madini. Tofauti za bei ziko zaidi kwenye nyongeza ambazo kichanga mzima hatazikosa. Makopo ya "kutuliza tumbo", ya soya, yasiyo na laktosi, au yaliyoongezwa wanga yawe mazito, usiyachukue bila ushauri wa daktari. Kwa kilio cha kawaida cha kichanga hayana ushahidi wa kuridhisha.

Unachotakiwa kukitilia maanani ni namba. Kwenye rafu moja utakuta namba 1, namba 2 ya kuanzia miezi 6, na maziwa ya unga ya chai ya familia, yote yana picha nzuri. Maziwa ya chai, ya ng'ombe au ya mbuzi hayamfai kichanga: chumvi na protini zake ni nzito kwa figo zake. Geuza kopo usome tarehe ya mwisho, pitisha kidole kwenye ukingo kuona kama limebonyea, na likifunguliwa foili ya ndani iwe haijaguswa. Muuzaji anayekupa kopo la bure la kujaribia, au anayekuambia limezidi maziwa yako, anavunja miiko ya kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo, ambayo Tanzania nayo imeiwekea kanuni zake. Toka hapo.

Kiasi ndipo wengi wanapokosea. Kama nyongeza, mlo mmoja wa saa 24 za kwanza ni mililita 2 hadi 10 tu, yaani hauzidi vijiko viwili vya chai. Siku ya pili ni 5 hadi 15, siku ya tatu 15 hadi 30, siku ya nne 30 hadi 60. Chupa ya mililita 120 kwa mtoto wa siku tatu itamfanya acheue, alale kama gogo saa tano, na apoteze mizunguko miwili ya kunyonya. Wakubwa nyumbani watasema, "Umeona, sasa kashiba." Alichopata ni kuzidiwa.

Kukoroga kuna sababu katika kila hatua. Unga wa kopo si tasa: unaweza kuwa na bakteria kama Cronobacter na Salmonella hata likiwa jipya. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiyopungua nyuzi 70. Chemsha maji mapya, angalau lita moja, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, kisha koroga. Tatizo ni kuwa makopo kadhaa yanaelekeza maji ya uvuguvugu. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2, hasa aliyezaliwa njiti, sisi tunasimamia nyuzi 70, halafu kikombe kinapozwa ndani ya bakuli la maji baridi mpaka tone moja kwenye kifundo cha mkono wako lisisikike moto wala baridi. Usiku, chupa ya chai nzuri iliyojazwa pomoni maji yaliyotoka kuchemka inasaidia sana. Lakini kama maji yake hayaunguzi tena kidole, yamekwisha kushuka chini ya kiwango muda mrefu.

Maji yatangulie, unga ufuate. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, ila yapo ya kijiko kimoja kwa 60, hivyo kijiko cha kopo hili kisitumike kwenye lile. Chota bila kushindilia, kata usawa kwa mgongo wa kisu kikavu. Kijiko chenye mlima kinazidisha unga, na mtoto anapata choo kigumu na kiu. Kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kubaya zaidi: mtoto anajaa maji, hakui, na chumvi ya damu ikishuka sana anaweza kupata degedege. Tunajua bei inauma, hasa kabla ya msimu wa korosho. Afadhali upunguze idadi ya vikombe kwa ushauri wa kliniki kuliko kuzimua.

Maji nayo yana mambo yake huku kwetu. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Kisima cha pwani chenye ladha ya chumvi kisitumike kwa kichanga kabisa. Juu uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua kwa ndoo au kuvuna ya mvua, tenga dumu la mtoto peke yake, lenye mfuniko. Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshwe.

Tumia kikombe, si chupa ya nyonyo. Kikombe kidogo cha wazi huoshwa kwa sabuni na kuchemshwa bila kuacha kona ya kufichia uchafu. Mkalishe mtoto karibu wima, mdomo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike ukingoni tu. Usimimine. Subiri ulimi utoke wenyewe, uone unavyolamba kama paka, kisha apumue. Anayemiminiwa anapaliwa. Kilichobaki baada ya saa 2 kinamwagwa, hata kama ni nusu kikombe, maana joto hili halisamehe.

Mpangilio ni titi la kwanza, titi la pili, kisha kikombe. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Kila kikombe cha kopo bila kukamua ni ujumbe kwa mwili kwamba maziwa hayo hayatakiwi, na wiki mbili baadaye yanapungua kweli. Basi kila baada ya nyongeza kamua dakika 10 hadi 15 kila upande, na kilichopatikana ndicho kitangulie mlo ujao kabla ya unga. Mama anayeishi na VVU asianze kuchanganya kabla ya kuongea na mhudumu wake wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Anashauriwa kunyonyesha maziwa yake pekee miezi 6 huku akimeza dawa bila kukosa.

Na kuna kilio ambacho kopo halipaswi kukigusa. Homa ya nyuzi 37.5 na zaidi, matapishi ya kijani, kukataa kunyonya, usingizi usioamshika, utosi uliobonyea, manjano yanayofika kwenye nyayo: hayo ni ya hospitali usiku huohuo.

Kwa hesabu ya mfuko, kopo la gramu 400 hutoa takriban lita 3. Vikombe vitatu vya mililita 60 kwa siku, linakaa siku 16 hivi. Kumlisha mtoto wa kilo 4 kwa kopo pekee, kwa mililita 150 kwa kila kilo, ni mililita 600 kwa siku, na kopo linaisha siku ya 5. Uzito ukirudi kwenye mstari wa kadi, ondoa kikombe kimoja, cha mchana ndicho rahisi, kaa siku tatu ukihesabu nepi, kisha ondoa kingine. Mpime kwenye mizani ileile, akiwa uchi. Kopo liandikwe kwa kalamu tarehe ya kufunguliwa na likae pakavu, mbali na jiko, bila friji, kwa kuwa unyevunyevu wa pwani huugandisha unga kuwa madonge. Likitimiza muda ulioandikwa ubavuni, kwa kawaida wiki tatu au nne, kilichobaki kinatupwa.