Kwenda harusini Lamu: boti nzuri, saa mbaya

Usafiri wa maji wa Lamu ni mzuri kuliko unavyosimuliwa bara. Kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, hadi mjini, boti ya mwendo kasi huvuka kwa dakika 10 hadi 15. Ile kubwa ya mbao huchukua nusu saa na ushei, na mchana abiria hawakai sana jeti kabla haijajaa ikaondoka. Nauli ya kushiriki haifiki shilingi 500. Kinachowatesa wageni wa harusi ni saa: kadi ya mwaliko imeandikwa na watu, maji yana hesabu yake.

Basi tuanze na hiyo kadi. Nyingi zina tarehe mbili, ya kawaida na ya Kiislamu, na ya Kiislamu ndiyo itakayokupa habari ya maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hufika karibu mita 3. Siku hizo katika mwambao wetu maji hujaa mnamo saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne hadi tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, kwa hivyo ikifika tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu mambo yamepinduka: ni maji mafu, ya kujaa saa nne na kupwa saa kumi, wala hayapandi wala kushuka kwa kishindo.

Sasa chukua nikahi ya baada ya Alasiri, tarehe 16 ya mwezi huo, katika kijiji cha Shela. Njia ya pwani kutoka mjini itakuwa imemezwa na bahari, kwa hivyo asahau kutembea aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi. Usiku huohuo kuna kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi; wanawake wanashuka botini saa nne na nusu, na maji yamekimbia. Boti inasimama chini kabisa ya ngazi, penye vidato vinavyofunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na vidato hivyo vina utelezi wa mwani usioonekana gizani. Visigino virefu vikae mfukoni mpaka mlangoni mwa sherehe. Mguuni iwe kandambili ya mpira au ndala zenye mkanda. Mkono mmoja uachwe mtupu wa kushikwa na baharia. Anayebeba sinia la zawadi ateremke kwanza, kisha apokezwe sinia. Akishuka nalo mkononi, kimojawapo kitaingia majini.

Safari ya barabara kutoka Mombasa ni ya saa sita hadi nane kupitia Malindi, Garsen, Witu na Hindi. Kuna vizuizi vya polisi njiani, hasa ukishapita Garsen, na kitambulisho huombwa mkononi. Kilichofungiwa ndani ya begi lililo buti kitasimamisha basi zima. Hali ya usalama ikiyumba, magari hutembea kwa msafara wenye ulinzi na safari za usiku husimamishwa. Ndiyo maana basi la asubuhi ndilo la kukata tikiti. Anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR ya mchana atafika Mombasa usiku, na hapo lazima alale, asipange kuunganisha. Ukitumia ndege unatua kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo tu kutoka mjini, na kutoka kiwanjani hadi jeti ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa mgeni mwenye wazee au watoto wadogo, Manda inashinda Mokowe kwa kila kitu isipokuwa bei.

Pale Mokowe vurugu iko kwenye mizigo. Basi likisimama tu, vijana wanachukua mabegi kabla hujauliza, na kila mmoja ana boti yake. Hakuna ubaya, ila mseme bei ya hamali mbali na bei ya boti, kabla begi halijanyanyuliwa. Kabla ya kukaa omba jaketi la uokozi, ulifunge. Likiwa limekatika mkanda rudisha upewe jingine, usilikalie kama mto. Kwenye boti ya mwendo kasi kaa upande wa tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, ndiko inakogonga mawimbi, na mgongo wa mzee hauwezi.

Mjini Lamu gari silo la kutegemea. Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili waliobeba hawapishani bila mmoja kurudi nyuma. Bodaboda zipo kandokando, lakini kati ya mitaa ya Mkomani na Langoni ni miguu. Begi la magurudumu halina kazi: mawe hayajalingana, mfereji unapita katikati, na samadi ya punda haina adabu. Njoo na begi la kubeba begani. Mizigo mizito, kama sufuria za kukodi, mchele na masanduku ya bibi harusi, ni ya mkokoteni kwenye njia ya ufukweni na punda kwenye vichochoro. Mwenye punda mwambie asizidishe kilo 50, na mzigo uwe sawa kulia na kushoto. Ukielemea upande mmoja unamchubua mgongo, naye hulala njiani na pilau yako. (Kliniki ya punda ipo mjini tangu 1987, lakini siku ya harusi si siku ya kuitafuta.)

Shela ndiko wageni wengi hulala, na ndiko hesabu huharibika. Kwa miguu ni kilomita 3 hivi, dakika 45 maji yakiwa yamepwa. Kwa boti ni dakika 10 hadi 15, na mchana huduma hii ni safi kabisa. Kuna jambo moja la upepo: miezi ya kusi, Aprili hadi Septemba, kwenda Shela alasiri ni kuukabili upepo, na marasharasha yanaruka mpaka kifuani. Funika nguo kwa plastiki au kanga nzee. Kurudi mjini upepo uko mgongoni, unafika mkavu.

Boti za usiku nazipa alama ndogo. Za kushiriki hupungua sana giza likiingia, nahodha anayebaki anakodisha boti nzima, na bei anaitaja yeye. Sherehe ikimalizika watu arubaini wanasimama jeti kwa pamoja wakigombea boti mbili, na hapo ndipo boti inapopakia kupita idadi iliyoruhusiwa. Dawa yake ni ya mwenyeji, si ya mgeni. Aulize mapema kama safari za usiku zinaruhusiwa wakati huo, akodi boti mbili au tatu kwa mkupuo, akubaliane bei ya kwenda na kurudi, alipe nusu, na nusu ibaki mpaka mgeni wa mwisho ashuke. Boti iwe na taa. Harusi isiyo na mpango huu, lala ulipoalikwa hata kama ni mkekani.

Harusi ikiwa kisiwani Pate, usiulize saa ya boti, uliza saa ya maji. Boti za Mtangawanda, gati ya kisiwa hicho, hupita mlango wa Mkanda, na maji yakiwa madogo chombo hukwama kwenye tope kikasubiri.

Pesa: mashine za benki ziko mjini, Shela usizitegemee. Toa noti ndogo kabla, kwa sababu nahodha hana chenji ya elfu moja. M-Pesa inapokewa karibu kila mahali.

Siku ya kuondoka mabasi ya Mokowe hutoka mapema, kwa hivyo boti iwekwe usiku wa kuamkia, kwa jina la nahodha na namba yake ya simu. "Zitakuwepo tu" ni jibu la mtu asiyesafiri. Waliolala Shela waongeze nusu saa, na kama ni bamvua alfajiri maji yatakuwa yamejaa hadi ngazi za juu. Hiyo ndiyo mara pekee sanduku zito litapanda botini bila shida.