PARI/GP: haina urembo, ila inapiga kazi

Jamani mnaosoma masta ya hesabu na mmeangukia nadharia ya namba ya kialjebra, hii programu ya kukokotoa nadharia ya namba isiwapite. Ilianzia Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 80, ni bure kabisa, na laptopu yangu chakavu inaibeba bila kelele. Ukiifungua utadhani umekosea, ni alama ya kuuliza tu inakukodolea macho, vitufe hamna.

Sasa mi nilikua nahangaika na ile stori ya 6, kwamba kwenye Z[√-5] (namba za umbo a+b√-5, a na b zikiwa namba kamili) unaiandika 2×3 au (1+√-5)(1-√-5) na zote hazivunjiki zaidi, kichwa kinauma, nikachapa bnfinit(x^2+5).cyc nikapiga enta ikarudisha [2] hapohapo, yaani kundi la klasi (kipimo cha jinsi namba zinavyokataa kuvunjwa kwa njia moja tu) lina memba wawili. Nikatoa 5 nikaweka 23, ikaja [3]. Usiku ule sikulala, nabadili namba tu kama mtoto aliyepewa rimoti.

Ila majibu ya bnfinit yanaegemea dhana ya Riemann iliyopanuliwa, ambayo hakuna aliyeithibitisha mpaka leo, ukitaka uhakika lazima uite amri ya kuhakiki, bnfcertify. Mi nilisahau, nikapeleka kazi hivohivo, msimamizi akanirudishia imejaa wino mwekundu, nilistahili. Na polinomia za digrii kubwa, hahaa, unaweza songa ugali ukala ukaosha na sufuria ukarudi ukakuta bado inahesabu.

Nyota 4. Moja nimekata kwa muonekano.