Gitaa na Vinganga Mikindani: Tathmini ya Bendi Changa Isiyo na Jina

Maonyesho mengi ya muziki yanayofika Mtwara mjini huwa na sura moja: msanii kutoka Dar es Salaam hupanda jukwaani saa sita za usiku, huimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyokwisha kurekodiwa, kisha huondoka kabla jasho halijamkauka. Kwa sababu hiyo, bendi ya vijana watano inayopiga kila Jumamosi katika mgahawa mmoja wa ufukweni huko Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka mjini, inastahili kuandikwa kwa makini, ingawa bado haijajipa jina. Tangazo lililobandikwa kwenye vibanda vya soda linasema tu kwamba kutakuwa na gitaa na ngoma, na wahudumu wa mgahawa huwaita vijana wa Jumamosi. Hawako chini ya lebo yoyote, wala hawana meneja, na wanaokusanya kiingilio mlangoni ni wenyewe kwa wenyewe.

Kinachowatofautisha na bendi nyingine ni mahali walipoiweka ngoma. Katika bendi zetu za dansi tumezoea gitaa la ridhimu kushika njia na tumba kulifuata. Hapa mambo yamegeuzwa. Wapigaji wawili wanatumia vinganga, yaani zile ngoma ndogo nyembamba za Wamakonde zenye mguu uliochongoka ambao huchomekwa ardhini, pamoja na ngoma kubwa moja ya kusimamia sauti ya chini. Mguu huo ndio uliowafanya wakatae jukwaa la saruji walilopewa na mwenye mgahawa na kupiga mchangani, uamuzi ambao mwanzoni unaonekana kuwa wa ubishi, lakini ukisikiliza unaelewa kwamba ngoma iliyosimama ardhini hutoa mlio mkali na mfupi usioweza kupatikana kwa kuibana mapajani.

Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa bahari, hasa upepo unapotoka majini, na kwa hiyo moto wa makumbi ya nazi huwashwa pembeni, na kila baada ya nyimbo mbili au tatu wapigaji huzipeleka ngoma kuzikausha mpaka sauti ipande tena. Bendi nyingine ingeuona muda huo kuwa hasara. Hawa wameufanya kuwa sehemu ya onyesho: mpiga gitaa, ambaye ana gitaa la galatoni, lile la mbao lisilotegemea umeme, hubaki peke yake na mwimbaji, akipiga nyuzi nene kwa kidole gumba na nyembamba kwa kidole cha shahada, na wimbo unaoanza hivyo kwa upole hupokelewa na ngoma zinaporudi zikiwa na joto. Sijasikia bendi changa nyingine katika mikoa hii miwili ya Mtwara na Lindi inayojua kukaa kimya namna hii.

Sauti nazo zinapendeza. Mwimbaji mkuu ni dada mwenye sauti kavu kidogo, isiyo na mapambo mengi, na wenzake humwitikia kwa sauti mbili zinazokwenda sambamba, jinsi kina mama wa vijijini wanavyoitikia ngomani. Kwa kuwa mwitikio wa aina hiyo unaafikiana na kodi za gitaa bila kulazimishwa, mchanganyiko wao hausikiki kama kiraka. Wanaimba Kimakonde na Kiswahili, mara nyingi ndani ya ubeti mmoja. Wimbo uliopokelewa vizuri zaidi unamhusu kijana anayemwahidi mchumba kila kitu korosho zitakapouzwa: mkopo wa salfa, ile dawa ya mikorosho, upo, mzigo umeshapelekwa ghalani, mnada umeshapita, lakini fedha hazijaingia benki, na mchumba anaendelea kuhesabu minada. Watu wa Newala na Tandahimba, wilaya za korosho, waliokuwapo walicheka kicheko cha mtu anayetajiwa jambo lake.

Jambo jingine la kusifiwa ni kiasi chao. Eneo hili lina hazina kubwa ya nyimbo za jando na unyago, na ingekuwa rahisi kwa bendi inayotafuta umaarufu kuzitoa hadharani ili kuwashangaza wageni. Vijana hawa wanachota kwenye nyimbo za mavuno, za harusi na za sindimba inayochezwa uwanjani mbele ya kila mtu, na za ndani wanaziacha ndani. Wazee wanaokaa viti vya nyuma wanalijua hilo, nadhani ndiyo maana wanakuja.

Tatizo ni nusu ya pili. Baada ya mapumziko kinanda kinaletwa, vinganga vinawekwa kando, na bendi inaanza kurudia nyimbo za Bongo Fleva zinazovuma redioni, ambazo wanaziimba vizuri lakini bila sababu, kwani aliyetaka nyimbo hizo angezipata kwenye simu yake bila kupanda bajaji. Hapo ndipo fundi mitambo naye hupandisha besi mpaka maneno yanapotea. Nafahamu kwamba nyimbo zao wenyewe hazitoshi kujaza saa mbili. Basi wapige saa moja na watu waende zao wakiwa bado na hamu. Vipande vya video vinavyosambazwa kwenye simu havisaidii pia, kwa sababu vinasikika gitaa tu na makofi, na anayewahukumu kwa video hizo atadhani ni bendi ya kawaida ya hoteli.

Tumeshaona kwamba lugha ya nyumbani haimzuii msanii kwenda mbali: Saida Karoli aliimba Kihaya akasikika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kabla yake Hukwe Zawose alizifikisha ala za Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, hutaka muziki upigwe hapo hapo bila kuigiza juu ya rekodi, na kwa sharti hilo bendi hii haina la kuogopa. Kwa nyimbo walizonazo sasa, hata hivyo, ningewashauri wasubiri mwaka mmoja, waongeze tungo na waachane na kinanda.

Kiingilio ni shilingi 5,000, nayo ni bei ya haki kwa nusu ya kwanza pekee. Tangazo husema saa mbili usiku na muziki huanza karibu saa tatu, kwa hiyo kuna muda wa kula. Pweza wa kuchoma ni mzuri, chipsi si za kusifiwa, na ming'oko ya mama anayeuza nje ya lango ni bora kuliko vyote viwili. Kaa upande wa moto, mbali na spika. Elewana mapema na dereva wa bajaji kuhusu kurudi, kwa maana baada ya saa tano usafiri wa kwenda mjini huwa wa shida na bei hupanda.