Seva mpya, databesi inatambaa, na fundi akaniambia niuze dawa

Jamani naandika hii bado nina hasira, na ni mambo ya kitambo kidogo, mwezi wa nne au wa tano hivi, mvua za masika zilikuwa zinaelekea kukata. Nina duka la dawa za jumla hapa Kariakoo, system ya mauzo inakaa kwenye SQL Server, programu ya databesi, na kompyuta 6 za kaunta zote zinaingia humo humo. Seva ya zamani ilikuwa imechoka, tukanunua mpya kwa jamaa wa IT (siwataji), wakaleta, wakafunga, wakahamisha data, wakachukua chao wakaondoka. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Mwisho wa mwezi ndo balaa likaanza: mtu wa madeni akifungua ripoti ya wadaiwa tu, kaunta zote zinaganda. Mteja katoka Morogoro, katoni zake 40 za paracetamol ziko chini hapo, gari linapiga honi nje, muuzaji kabonyeza kuhifadhi invoisi na kile kiduara kinazunguka, dakika ya kwanza, ya pili, ya nne. Ripoti hiyohiyo kwenye seva ya zamani, ile dhaifu, ilikuwa inachukua nusu dakika.

Nikampigia fundi, akaja, tena haraka, hilo nampa. Akafungua Task Manager akanionyesha viboksi 16 vya grafu vyote vimepanda mpaka juu, akasema unaona mama, mashine imelemewa hii, inabidi uchukue kubwa zaidi. Nikamuuliza swali moja, kwa upole kabisa: sasa ile ndogo iliwezaje na hii kubwa inashindwaje? Akanijibu mbele ya wafanyakazi wangu na wateja wawili, hata kunitazama hakunitazama, "Mama, wewe uza dawa, mambo ya seva tuachie sisi." Miaka 19 naendesha hili duka. Nimelipia kila waya uliopo humu ndani. Nikanyamaza kwa sababu ya wateja, lakini usiku sikulala.

Safari iliyofuata akaja na jipya, kwamba hyperthreading, ile ya kori moja ya prosesa kujihesabu mbili, ndo inasumbua databesi. Akazima seva saa 5 asubuhi, saa ya biashara, akaingia kwenye BIOS, setingi za mashine yenyewe kabla haijawaka, akaitoa, duka limesimama zaidi ya saa nzima. Ikawaka, viboksi vikawa 8, tukafungua ripoti ya wadaiwa, tukaganda vilevile. Safari ya tatu ikawa RAM. Nikanunua RAM. Wapi.

Aliyetuokoa ni binti aliyekuwa kwetu field, mwanafunzi, kazi tuliyompa ni kupanga mafaili na kusaidia stoo. Alikuja ofisini kwangu polepole, shikamoo mama, samahani, naomba niangalie kitu kwenye seva, sitabadilisha chochote. Nikamruhusu. Akaandika maneno machache, nakumbuka moja ni sys.dm_os_wait_stats, ikaja orodha ndefu ya vitu ambavyo databesi huwa inavisubiri, na juu kabisa, imeyaacha mengine mbali sana, kuna kitu kinaitwa CXPACKET. Akanielewesha kwa wapagazi wa hapa nje, nikaelewa palepale. Prosesa yetu ina kori 8 za kweli, vile viboksi 16 ni kama mkokoteni mmoja wenye wapagazi wawili: mmoja akipumzika mwenzake anasukuma, kwa hiyo hyperthreading inasaidia, ila usitegemee mizigo mara mbili. Sasa setingi ya MAXDOP, ukomo wa wapagazi wa kazi moja, ilikuwa 0, yaani hakuna ukomo, maana yake ripoti moja inaruhusiwa kuita wapagazi wote kwa mpigo. Na kuna nyingine, cost threshold for parallelism, uzito ambao kazi ikiuvuka ndo inaweza kugawanywa, iko 5 tangu programu inafungwa, namba ya tangu miaka ya 1990, kwa mashine za leo ni ndogo mno, hata kazi ya mtu mmoja inagawiwa kundi zima. Wanagawana mzigo, mmoja anaangukiwa na ule mzito, wengine wamekaa wanamsubiri, na kaunta zangu ziko foleni nyuma yao.

Ila hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipomheshimu. Akasema mama, CXPACKET peke yake sio ugonjwa, inaonyesha tu kwamba kazi inagawanywa, lazima tujue kwa nini ripoti ni nzito hivi. Akafungua plani ya ile ripoti, yaani njia ambayo databesi inapita kuitafuta data, kumbe inasoma meza nzima ya mauzo, mistari yote ya miaka yote, ili kumpata mteja mmoja. Akawasha seva ya zamani, nilikuwa bado nimeiweka stoo, akalinganisha. Kule kuna indeksi ya mteja na tarehe, ni kama faharasa ya kitabu, inaonyesha mistari ya mteja iko wapi bila kusoma meza nzima. Huku hakuna! Yule fundi badala ya kuchukua bakapu na kuirestore kama ilivyo, alitengeneza skripti ya meza halafu akamwaga data ndani, primary key, zile za kutambulisha kila mstari, zikaja, indeksi nyingine zote zikabaki kule. Ndo hiyo tu. Hyperthreading haikuwa na kosa, RAM haikuwa na kosa, mashine haikuwa na kosa.

Akarudisha indeksi jioni tukishafunga. Kesho yake mchana, kaunta zinauza, akaandika sp_configure, amri ya kubadili setingi, MAXDOP 4, cost threshold 50, RECONFIGURE, hakuzima hata kitu kimoja. Usiku tukarudisha na hyperthreading. Ripoti ya wadaiwa sasa sekunde 6. Nilimwambia aifungue tena na tena mbele yangu.

Sasa niseme haki. Mashine yenyewe ni nzuri, siijutii. Kebo walifunga vizuri, na siku umeme ulipokatika na UPS yetu ikafa, jamaa huyohuyo alileta ya kuazima saa 3 usiku na hakudai hata senti. Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa nyota 3, kuteleza kwa kazi kupo. Lakini nilimpigia kumweleza, nikitegemea atasema pole tu, neno moja, akaniambia si imekubali sasa mama, halafu indeksi ni kazi ya wenye programu. Wiki hiyohiyo ikaja invoisi ya safari zote 3 pamoja na ile saa aliyonifungia duka. Kwa hiyo hapana, nyota 1, na hiyo 1 ni ya UPS.

Kama system yako imeanza kutambaa baada ya kuhamia mashine mpya, usikubali kuuziwa kitu kabla mtu hajakulinganishia indeksi za zamani na za sasa, na muulize MAXDOP yako ni ngapi. Akikuambia uza dawa, mtoe dukani.

Juzi wamenipigia kuuliza kama mkataba wa matengenezo unaendelea. Nimewaambia jibu Ijumaa, kwa barua, pamoja na kopi ya risiti ya ile RAM, maana hela yangu naitaka.