Uzoefu wangu na fundi aliyeniambia nitapiga picha nyingine

Nimekwisha kutengenezewa vyombo na mafundi wa kila aina, wakweli na walaghai, na sikumbuki kutoka dukani na hasira kama ile niliyotoka nayo Kariakoo majuma machache yaliyopita. Sababu si fedha, ingawa nilitoa shilingi 60,000 ili nirejeshewe picha zilizofutika kwenye kompyuta. Sababu ni maneno saba ambayo hadi leo yananijia nikiwa naosha vyombo: "Mama, si picha tu hizo? Utapiga nyingine."

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikubali. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa imejaa, nikaamua kuipunguzia mzigo. Kulikuwa na folda mbili zenye majina yanayokaribiana, nikaamini kuwa moja ni nakala ya nyingine, nikaichagua na kubonyeza Shift na Delete kwa pamoja ili isipitie hata kwenye pipa la taka. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kuwa niliyoibakiza ilikuwa na picha za risiti na vyeti, na niliyoifuta ndiyo iliyokuwa na picha za marehemu mama yangu kuanzia alipostaafu hadi wiki yake ya mwisho: mama akikuna nazi barazani Pangani, mama kwenye harusi ya mdogo wangu Tanga, mama amevaa miwani yangu kwa mzaha.

Fundi alikuwa na kisikilizio sikio moja na macho kwenye simu. Nilimweleza kisa chote nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti kilichokuwapo alikuwa amekiwekea begi lake, na hapo ndipo aliponipa yale maneno saba. Nikamwambia kuwa mwenye sura hiyo amekwisha kufariki, hapigwi nyingine. Akasema "pole" kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji.

Wakati ule sikujua ninachokijua sasa. Kompyuta inapofuta faili haiichomi moto. Inafuta tu habari zake kwenye daftari la diski na kutangaza kuwa mahali pale pako wazi, na picha yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kabisa kuandika chochote kwenye diski hiyo. Kijana yule, mbele ya macho yangu, aliiunganisha kompyuta na intaneti, akapakua programu ya kurejesha mafaili, akaisakinisha kwenye diski ileile, kisha picha zilizookolewa akazimimina kwenye diski ileile, kana kwamba mtu anatafuta sindano iliyoangukia ungani huku akichekecha unga mwingine juu yake. Nami nilikuwa na flashi ya GB 64 mkobani muda wote. Hakuniuliza.

Nilirudi nyumbani na picha elfu moja na ushee, nikaanza kuzifungua kwa furaha. Ya nne ilifunguka nusu: juu kilemba cha mama na macho yake, chini rangi ya majivu mpaka mwisho wa skrini. Ya tano vilevile. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka, na katika picha nyingi mno kati ya zile kinywa chake hakimo. Nilipompigia simu fundi alijibu kuwa programu ndiyo iliyotoa hivyo, na kwamba yeye hakuitengeneza programu.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, ambaye alikuja likizo akanikuta sizungumzi na mtu. Aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kama diski ya pili, akatumia PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, na kila kilichopatikana akakipeleka kwenye diski nyingine kabisa. Sura ya programu hiyo haivutii. Ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na mimi peke yangu ningelifunga kwa woga. Lakini yenyewe hailitegemei lile daftari lililofutwa. Inaipitia diski kipande kwa kipande ikitafuta vichwa vya mafaili, kwa sababu kila picha ya JPEG huanza kwa alama zilezile. Kwa hiyo majina hayarudi. Asubuhi nilikuta folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na ndani yake picha zenye herufi f na msururu wa tarakimu, zikiwa zimechanganyika na vijipicha vya matangazo kutoka kurasa za intaneti nilizozitembelea. Tulizipanga kwa tarehe ambayo kamera huiandika ndani ya picha yenyewe. Jioni mama akatokea, mzima, amekaa juu ya mbuzi ya nazi na kinywa wazi kwa kicheko.

Kijana wangu aliniambia pia kuwa kama diski ingekuwa ya SSD, ile aina mpya isiyo na sahani inayozunguka ndani, huenda tusingepata hata moja, kwa kuwa mfumo wa kompyuta huiambia diski kuwa nafasi hizo hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe. Kompyuta hii ambayo nyumba nzima inaicheka kwa uzee ndiyo iliyonihifadhia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumnyima fundi yule hata nusu nyota. Haki inanikataza kidogo. Picha zipatazo 200 kati ya zile alizozirejesha zilikuja na majina yake kamili, na baadhi yake PhotoRec haikuzileta. Tena, mtoto wa dada yangu anasema faili iliyohifadhiwa vipandevipande hutoka na kasoro hata mikononi mwa fundi hodari, na mimi mwenyewe niliitumia kompyuta kwa siku tatu bila kujua, nikitazama habari na kupakua mahubiri. Kwa hiyo, katika zile nusu za majivu, zimo zilizoharibiwa na mimi. Nyota mbili, basi, nikasema moyoni.

Lakini ni zipi? Hilo ndilo linalonirudisha kwenye hasira, maana hakuna awezaye kuniambia kama picha ya miwani, ambayo haijarudi kwa njia yoyote na iliyokwisha kuandikwa juu yake hairudi tena, ilifutwa na mahubiri yangu au na ile programu yake. Mimi sikuwa nimesomea kazi hiyo. Yeye amebandika mlangoni karatasi inayosema anarejesha picha zilizopotea. Angeuliza kuhusu flashi tu, jambo lisilochukua hata dakika, leo ningekuwa najua kuwa lawama yote ni yangu, na ningeibeba. Nyota mbili nimeziondoa. Mpwa wangu ananisihi nibakize moja kwa ajili ya zile 200, nami bado nafikiri.

Jana nimeitafuta risiti ili nirudi nayo dukani. Imeandikwa kwa mkono, na kwenye nafasi ya kazi iliyofanyika pameandikwa: "Kusafisha kompyuta."